Kliniki Mbili, Ini Moja

Mwaka 1991 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la dawa za kifafa lililofanywa Nakuru. Watu 302 ambao kwa miezi kadhaa hawakuwa wakimeza dawa yoyote waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa fenobabitoni, jingine kabamazepini. Waliofuatiliwa kwa mwaka mzima walikuwa 249. Asilimia 53 yao walikaa nusu ya pili ya mwaka huo bila kuanguka hata mara moja, na wengine asilimia 26 walianguka mara chache mno kuliko zamani, chini ya nusu ya mara walizozoea. Dawa hizo mbili zilitoshana nguvu. Dkt A. T. Feksi na wenzake walikuwa wameonyesha jambo ambalo wakubwa wengi wa tiba walilitilia shaka: kwamba kifafa hutibika mashambani, mikononi mwa wahudumu wa kawaida wa afya ya msingi, kwa vidonge vya bei nafuu.

Miaka ikapita. Mwaka 2007 na 2008 kikosi kingine cha watafiti, Dkt Wanjiku Mathenge akiwa miongoni mwa viongozi wake, kilizunguka Nakuru kikiwapima watu wa miaka 50 na zaidi. Shabaha yao kubwa ilikuwa macho, lakini walipima na presha. Kati ya watu 4,396 waliowafikia, nusu walikuwa na shinikizo la juu la damu. Asilimia 50.1, kwa hesabu kamili.

Tafiti hizi mbili hazikuandikwa ili zisomwe pamoja. Moja imo kwenye makabati ya wataalamu wa ubongo, nyingine kwa wataalamu wa macho na moyo. Lakini watu wake ni wale wale, au ndugu zao. Kijana aliyekuwa na miaka 25 alipoanzishiwa fenobabitoni mwishoni mwa miaka ya 1980 leo ana zaidi ya miaka 60. Ameingia katika rika ambalo nusu ya watu wana presha. Ikiwa bado anameza kidonge chake cha kifafa kila jioni, na sasa amepewa kidonge cha presha kila asubuhi, basi vidonge hivyo vinakutana ndani yake. Sura hii inahusu kukutana huko, kwa sababu ni watu wachache mno walioelezwa kwamba kunatokea.

Kinachotokea hakionekani kwa macho. Kidonge kikimezwa hupita utumboni, kisha damu hukipeleka moja kwa moja kwenye ini kabla hakijafika kwingine kokote. Ini hukichambua na kukivunja kwa vimeng'enya. Kimoja kati ya hivyo, kinachojulikana kwa jina la CYP3A4, ndicho chenye kazi nyingi kuliko vyote, kwani huvunja sehemu kubwa ya dawa tunazotumia. Kipimo cha kila moja ya dawa hizo kiliwekwa kwa kukadiria kwamba ini litavunja kiasi fulani na kubakiza kiasi fulani.

Fenobabitoni huvuruga makadirio hayo. Ikiwa mwilini kila siku, huliamuru ini litengeneze vimeng'enya zaidi. Kabamazepini hufanya vivyo hivyo, na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, pia. Ni kama shamba la viazi kule Molo: mwenye shamba akiongeza vibarua, kazi ya wiki nzima inaisha kwa siku mbili. Vibarua hawa wa ini hawabagui. Waliitwa na dawa ya kifafa, lakini huvuna kila kinachopita mbele yao, na dawa ya presha ikiwa miongoni mwa vinavyopita, huivuna pia kabla haijafika kwenye mishipa inakohitajika. Hali hii haitokei kwa siku moja. Huchukua wiki mbili au tatu ini kufikia kasi yake mpya, na ndiyo maana mgonjwa na hata daktari hawaunganishi mambo haya mawili. Dawa mpya ilianza mwezi uliopita, presha imepanda mwezi huu, na kila mtu anatafuta sababu kwenye chumvi.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa zamani. Mwaka 1988 madaktari wa Edinburgh waliwapa felodipini, dawa ya presha, wagonjwa 10 wa kifafa waliokuwa wakitumia dawa hizi kuukuu, kisha wakalinganisha kiasi kilichoonekana katika damu yao na cha watu wasiotumia. Wagonjwa wa kifafa walikuwa na takriban asilimia 7 tu ya kiasi cha wenzao. Walimeza kidonge kizima na mwili ukafaidi chini ya sehemu ya kumi. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba wiki mbili za fenobabitoni zinatosha kupunguza nifedipini katika damu kwa zaidi ya nusu.

Felodipini si dawa ya kawaida kwetu. Nifedipini ni ya kawaida mno, na amlodipini, ndugu yake, ndiyo inayoandikwa na kuandikwa tena kuanzia Naivasha hadi Kericho. Amlodipini ina uvumilivu zaidi kuliko felodipini: haipotei sana inapopita kwenye ini mara ya kwanza, na hukaa mwilini muda mrefu. Kwa hiyo haitarajiwi kuporomoka hadi asilimia 7. Hata hivyo inavunjwa na kimeng'enya kile kile, na watengenezaji wake wenyewe wanaagiza presha ifuatiliwe kwa karibu mgonjwa akiwa pia kwenye dawa zinazochochea ini namna hii.

Hapa pana jambo linalonisumbua kuliko mengine yote katika mada hii. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la CREOLE, lililowahusisha wagonjwa Waafrika 728 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo. Lilionyesha kwamba kwa watu wetu, mchanganyiko wenye amlodipini hushusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Iliyofanya vizuri ikiwa pamoja nayo ni hidroklorothiazidi, kidonge cha kutoa maji mwilini, au perindoprili. Ni habari njema, na imesaidia sana kupanga matibabu. Lakini mtazame sasa mgonjwa mwenye kifafa. Amlodipini, nguzo ya matibabu ya presha kwa Mwafrika, inadhoofishwa na fenobabitoni na kabamazepini. Hidroklorothiazidi nayo ina mgogoro wake na kabamazepini, kwa sababu zote mbili hushusha sodiamu katika damu. Kila moja peke yake yaweza isilete neno. Zikiwa pamoja, hasa kwa mzee, sodiamu inaweza kushuka kutoka kiwango cha kawaida cha 135 hadi 145 ikafika mahali ambapo mtu anachanganyikiwa, anatapika, na mwishowe anaanguka kifafa. Familia inaona kifafa kimerudi. Kliniki inaona dozi haitoshi, inaongeza kabamazepini, na sodiamu inazidi kushuka.

Kuna mduara mwingine ulio mbaya zaidi. Presha isiyodhibitiwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na kiharusi ni miongoni mwa sababu kuu za kifafa kinachoanza uzeeni. Chukua mfano wa mama wa miaka 62 kutoka Njoro. Alikuwa na presha, akapata kiharusi kidogo, mkono wa kushoto ukalegea. Miezi kadhaa baadaye akaanguka mara ya kwanza maishani mwake, kisha mara ya pili. Akapewa kabamazepini, na ilikuwa sahihi kupewa dawa ya kifafa. Mishtuko ikakoma, nyumbani wakashukuru. Lakini amlodipini yake ya miligramu 5, ambayo ilikuwa inamtosha, sasa haimtoshi tena. Presha inapanda polepole, haina maumivu, haimwamshi usiku. Dawa iliyotolewa kwa sababu ya kiharusi cha kwanza inamsogeza kwenye cha pili. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyekosea kwa uzembe. Kila mmoja alitibu kilicholetwa mbele yake.

Kwa nini basi hawaoni? Sababu moja ni mpangilio wa kliniki zetu. Katika vituo vingi kifafa kiko chini ya wauguzi wa afya ya akili, na presha iko pamoja na kisukari. Ni siku tofauti, vyumba tofauti, na mara nyingi madaftari tofauti. Mgonjwa wa Mau Narok au Kuresoi anayepanda matatu mara mbili kwa mwezi kuja kliniki mbili amebeba mkononi taarifa ambayo mtaalamu yeyote angeihitaji, lakini kila daftari lina nusu tu.

Sababu ya pili ni aibu, na hii naiona kuwa nzito zaidi. Kifafa bado kinafichwa. Wapo wanaoamini kinaambukizwa kwa povu la mdomoni, wapo wanaokihusisha na laana ya ukoo, na wapo wazazi wanaoficha ugonjwa wa binti hadi aolewe. Chama cha KAWE, kilichoanzishwa mwaka 1982 kutetea maslahi ya wenye kifafa nchini Kenya, kimepigana na imani hizi kwa zaidi ya miaka 40, na kazi haijaisha. Sasa mfikirie mama mwingine mwenye kifafa amekaa kwenye benchi la kliniki ya presha, majirani wawili wakiwa nyuma yake.

"Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hapana daktari, ni hizi tu za presha."

Hakusudii kudanganya. Huenda anaogopa masikio yaliyo karibu. Huenda pia, baada ya miaka mingi, kidonge cha jioni hakihesabu tena kuwa dawa, kimekuwa sehemu ya chakula cha jioni. Swali lenyewe lina upungufu. Muuguzi anayesema, "Mama, mara ijayo niletee kila kidonge kilichoko nyumbani, hata cha zamani, nivione," atajua mengi kuliko anayeuliza na kuandika. Na anayeuliza maswali haya faraghani atajua mengi zaidi.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika kabisa: kinachotokea dawa ya kifafa inapoondoka. Vibarua walioitwa hawarudi kwao siku ile ile. Fenobabitoni hutoka mwilini taratibu, nusu yake huchukua takriban siku nne, na ini huhitaji wiki kadhaa kurudi kwenye mwendo wake wa zamani. Sasa tuseme daktari alikuwa ameshapandisha amlodipini ya mgonjwa hadi miligramu 10 na kuongeza dawa ya pili, bila kujua kwamba anashindana na fenobabitoni. Kisha fenobabitoni inakwisha kituoni. Maneno haya kila mgonjwa wa Bonde la Ufa anayajua: "Dawa zimeisha, jaribu kemisti." Kemisti hakuna, au bei haishikiki, au kuna valproeti badala yake. Valproeti ni dawa nzuri ya kifafa, lakini haichochei ini. Wiki chache baadaye dawa za presha ambazo zilikuwa zikivunjwa kwa kasi zinabaki mwilini kwa wingi. Mzee anasimama kutoka kitandani, kizunguzungu kinamshika, anaanguka. Nyumbani wanasema ni kifafa. Kumbe safari hii kilichomwangusha ni presha iliyoshuka mno.

Kwa hiyo mapengo ya ugavi wa dawa si usumbufu wa siku chache tu. Mgonjwa anayebadilishiwa dawa ya kifafa kulingana na kilichopo ghalani anabadilishiwa pia nguvu ya dawa zake za presha, bila mtu yeyote kuandika hivyo popote. Na hatari ya kwanza kabisa ya kukatizwa fenobabitoni ghafla ni kifafa chenyewe kurudi kwa nguvu, mshtuko juu ya mshtuko bila kupata fahamu katikati. Hali hiyo huua.

Mgongano unaweza pia kuelekea upande mwingine, dawa ya presha ikaidhuru ile ya kifafa. Verapamili na diltiazemu, ambazo hutumika kwa presha na kwa matatizo ya moyo, hulizuia ini lisivunje kabamazepini. Mwaka 1986 madaktari wa Glasgow waliwaongezea verapamili wagonjwa 6 waliokuwa kwenye kabamazepini. Wote sita walipata dalili za sumu ya dawa. Kabamazepini ilipanda katika damu yao kwa karibu nusu. Mtu wa namna hii huona vitu viwili viwili, huyumba akitembea, ulimi humwia mzito, na barabarani watu humdhania mlevi. Dawa hizi na kabamazepini hazipaswi kuchanganywa pasipo mtaalamu anayejua anachokifanya.

Sura hii ni ya presha, lakini nisingetendea haki wasomaji kama ningenyamaza kuhusu dawa nyingine zinazopita kwenye mlango huo huo wa ini. Mtu anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya Ukimwi akianzishiwa kabamazepini kwa kawaida huhitaji kumeza dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mama aliyewekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango mkononi anaweza kupata mimba asiyoitarajia akianza fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini. Na rifampisini, ambayo wagonjwa wengi wa kifua kikuu huimeza kwa miezi 6, huchochea ini kwa nguvu kuliko hizo zote, kiasi kwamba presha iliyotulia miaka mingi inaweza kupanda mtu akiwa katikati ya matibabu ya TB.

Baada ya kusoma haya yote mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiachane na dawa hizi kuukuu. Ninapinga wazo hilo kwa moyo wangu wote. Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, baada ya Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Freiburg, kugundua kwamba wagonjwa aliowapa ili walale walikuwa wameacha kuanguka. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dkt Louise Jilek-Aall alipofungua kliniki yake ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni dawa hii iliyowarudisha watu kwenye jamii zilizokuwa zimewatenga. Kwa Nakuru ushahidi ni ule wa 1991. Dawa mpya kama levetirasetamu hazichochei ini, na kaunti inayoweza kuzinunua kwa ajili ya wazee wenye presha itakuwa imefanya jambo la maana. Ila kumnyima mtu kidonge anachokimudu leo kwa kungojea asichokimudu ni kumrudisha motoni. Waliopona majeraha ya kuangukia jiko wanaelewa maneno haya si mfano tu.

Njia ya katikati ipo na haihitaji mitambo mipya. Zipo dawa za presha ambazo ini lenye kasi haliziharibu kwa kiasi kikubwa: lisinoprili na atenololi hutolewa na figo, na enalaprili huathirika kidogo. Si jibu la kila mtu. Dawa za jamii ya enalaprili zikitumika peke yake hazishushi presha vyema kwa Waafrika wengi, baadhi ya watu huziacha kwa sababu ya kikohozi kikavu, na mjamzito hapaswi kuzigusa. Kwa wengi amlodipini itabaki, dozi ikapandishwa kwa kufuata kipimo cha presha. Tiba ya kweli hapa ni kupima: siku kabla ya kuanza au kubadilisha dawa ya kifafa, kisha wiki ya pili, ya nne na ya nane. Kwa anayetumia kabamazepini pamoja na kidonge cha kutoa maji, sodiamu ipimwe pia.

Vifaa tayari viko vijijini. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na katika mikoba yao kuna mashine ya kupima presha. Mhamasishaji wa Elburgon au Subukia anayejua kwamba nyumba fulani ina mtu aliyebadilishiwa dawa ya kifafa anaweza kumpima akiwa amekaa kwake, ametulia dakika tano, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Namba zikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, au zikishuka hadi mtu anaona giza akisimama, atamwandikia apelekwe kituoni. Anachohitaji kuongezewa ni sentensi mbili tatu katika mafunzo yake kuhusu dawa hizi.

Nanyi wasimamizi wa kliniki katika kaunti za Nakuru, Kericho, Nyandarua na Baringo, naomba daftari liwe moja. Mgonjwa mwenye kifafa na presha aandikiwe dawa zake zote kwenye ukurasa mmoja, na kliniki ya kwanza kumwona imwulize faragha. Wewe msomaji uliye na magonjwa haya mawili, au mzazi wako anayo, usiache wala kupunguza kidonge chochote kwa sababu ya ulichosoma hapa. Safari ijayo ya kliniki tia vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, vya kifafa, vya presha, vya TB, hata vile vya kemisti, uviweke mezani mbele ya daktari au mfamasia, na umwombe avitazame vyote kwa pamoja.